Uvira: Kwa nini mwongozo wa kolera ulifunguka kurasa tupu, na namna ulivyotengenezwa

Majuma haya watu wengi wamenisimamisha njiani na kuniuliza jambo moja: ule mwongozo wa kolera uliotumwa kwenye vituo vya afya, mbona kwetu ulifunguka kurasa tupu?

Swali lenyewe ningelijibu kwa maneno mawili, lakini nimesikia pia maneno yanayotembea nyuma yake. Katika kambi moja kusini ya Makobola, mama mmoja aliniambia waziwazi: “Papa mwandishi, wenyeji walipewa kitabu chenye maneno, sisi wakimbizi tukapewa chenye karatasi nyeupe.” Wengine wanasema kuna mkono uliofuta maandishi makusudi. Maneno ya namna hiyo kwetu si mchezo. Mtu akiisha kuamini kwamba amepewa kitabu kitupu kwa sababu ya kabila lake ama kwa sababu alikuja na mzigo kichwani, hata kidonge cha kusafisha maji atakitilia shaka. Kwa hiyo ninaandika yote niliyoyaona, na sehemu nyingine ni mambo ya kompyuta. Mnivumilie, nitayasema polepole.

Mimi ni mwandishi wa habari, si fundi wa mashini. Ila vijana wanne waliotunga mwongozo ule nakaa nao mtaa mmoja, na Kiswahili chake nilikisoma ukurasa kwa ukurasa kabla haujatoka. Najua ulivyozaliwa. Hakuna mtu aliyefuta kitu.

Vijana wale walitumia programu ya zamani ya Microsoft inayoitwa HTML Help Workshop. Aina hiyo ya vitabu vya msaada ilianza mwaka 1997, enzi ambazo wengi wetu hapa hatukuwa tumegusa kompyuta. Unaandika kurasa zako moja moja kama kurasa za intaneti, unatengeneza orodha ya yaliyomo, unatengeneza faharasa ya maneno, kisha programu inakusanya yote na kuyafunga katika faili moja ambalo jina lake linaishia na chm. Ukilifungua katika Windows, upande wa kushoto unaona orodha ya masomo, upande wa kulia unasoma somo lenyewe. Halihitaji intaneti. Ni jepesi. Linafunguka hata katika laptop ya zamani inayochajiwa kwa jua, na laptop za vituo vyetu vingi ndizo hizo. Kuna walioniuliza kwa nini hawakutumia PDF tu. PDF ni nzuri ukitaka kuchapisha kwenye karatasi. Lakini muuguzi ambaye mtoto anaharisha mbele yake anataka aandike neno moja na kupelekwa pale panapohusika, hana nafasi ya kupekua kurasa sitini. Kwa kazi hiyo mimi bado naona chombo hiki cha kizamani kinafaa.

Basi faili lilipokamilika lilitumwa kwenye vituo vitano. Vituo vitatu vililetewa kwa flashi, kijana akapanda pikipiki akazunguka nazo. Vituo viwili ni vya mbali, barabara ilikuwa imekatwa na mvua, wakatumiwa kwa barua pepe. Na ni vile viwili, vyote vikiwa karibu na makambi ya waliokimbia, ndivyo vilivyoona kurasa tupu. Mnaona sasa uvumi ulitoka wapi.

Siku ya pili usiku simu ililia kwa kijana mmoja wao. Ni mama RECO, mmoja wa wale wanaojitolea kupita nyumba kwa nyumba kwa kazi ya afya. Yuko na muuguzi katika chumba cha kituo, mtoto wa miaka miwili anaharisha maji matupu tangu mchana, pakiti za SRO zimeisha, na wanataka kuhakikisha vipimo vya maji ya chumvi na sukari. Orodha ya masomo wanaiona kushoto, kichwa cha somo wanakiona, wanabonyeza, kulia panatokea ukurasa mweupe na maneno machache ya Kifaransa ya kusema kwamba ukurasa hauwezi kuonyeshwa. Kijana aliwasomea kwa simu: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu ya kijiko kidogo, koroga mpaka iyeyuke, mpe kidogo kidogo huku mkitafuta njia ya kumfikisha penye SRO na daktari. Mtoto alifikishwa kituo kikubwa usiku uleule kwa pikipiki, na amepona. Lakini kama simu ingekuwa haina chaji? Kwetu huku hilo si swali la kubuni.

Kesho yake kazi ikaanza. Kwanza walifikiri ni virusi. Wakapima, hakuna. Wakafikiri faili liliharibika njiani, wakalinganisha ukubwa wake na lile la asili: ni uleule, bila kupungua hata herufi moja. Wakasema pengine Windows ya kituo kile ni ya zamani mno, kumbe kituo cha Kavimvira kina Windows ya zamani zaidi na mwongozo unafunguka vizuri. Hapo wote walinyamaza.

Aliyefungua fumbo ni mdogo wao kuliko wote, na nilikuwepo. Laptop ya kituo kimoja ilikuwa imeletwa Uvira. Alichukua faili lilelile lililokuwa likitoa kurasa tupu, akalinakili kwenye flashi, akalirudisha kutoka kwenye flashi mpaka laptop ileile, katika folda nyingine. Akalifungua. Maneno yote yapo! Faili moja, mashini moja, muda wa dakika tatu. La kwanza tupu, la pili limejaa. Yule kijana alicheka mpaka akakaa chini.

Sababu ni hii. Tangu mwaka 2004, Windows ina desturi ya kulitia alama kila faili linaloshushwa kutoka intaneti. Alama hiyo huioni. Ni kama mzigo unaovuka mpaka wa Kavimvira ukapigwa muhuri: popote utakapofika, anayeupokea anajua umetoka nje. Faili la msaada la aina hii linaweza kubeba ndani yake amri za kuiendesha kompyuta, na kuna wabaya waliolitumia kuingiza virusi, kwa hiyo Windows ikiona ule muhuri inakataa kuonyesha kurasa zilizomo. Orodha ya kushoto inaiacha, kurasa inazifunga. Ni ulinzi, wala si ubaya kwa mtu yeyote. Tatizo ni kwamba haikuambii “nimefunga kwa usalama wako”. Inakuonyesha weupe, na wewe unafikiri kitabu ni kitupu.

Na flashi je? Flashi nyingi tunazonunua sokoni zimepangwa kwa mtindo wa zamani unaoitwa FAT32. Mtindo huo hauna mahali pa kuuweka ule muhuri uliofichwa. Faili likipita kwenye flashi, muhuri unaanguka njiani. Kwa hiyo flashi ilikuwa njia ya panya, na barua pepe ndiyo iliyopita barabara kuu penye barieri. Vituo vilivyoletewa kwa pikipiki havikupendelewa kwa lolote. Kama barabara ingekatika upande wa kaskazini badala ya kusini, kurasa tupu zingeonekana kwa wenyeji na zile zenye maneno zingeonekana kambini.

Dawa yake ni ya nusu dakika, na muuguzi yeyote mwenye faili hilo anaweza kuifanya leo. Funga kwanza mwongozo kama uko wazi. Weka mshale juu ya faili, bonyeza kitufe cha kuume cha kipanya, teremka mpaka chini kabisa palipoandikwa Propriétés. Dirisha litafunguka. Katika ukurasa wake wa kwanza, chini kabisa, kuna maneno yanayosema faili hili limetoka katika kompyuta nyingine, na pembeni yake kuna neno Débloquer. Lichague, bonyeza OK, fungua upya. Kama faili limekuja ndani ya zip, fanya hivyo kwa zip yenyewe kabla hujaitoa, la sivyo muhuri unaweza kuhamia kwenye vyote vilivyomo.

Ila nawaomba: fanyeni hivyo kwa faili ambalo mnamjua aliyelituma na mmempigia simu kuthibitisha. Muhuri ule umewekwa kwa sababu. Na hiyo njia ya panya ya flashi msiigeuze dawa ya kila siku, maana flashi zinazotembea kutoka sibekafe hadi sibekafe ndizo zinazobeba virusi kuliko kitu kingine hapa kwetu.

Kulikuwa na mambo mengine madogo, nayataja kwa sababu wapo vijana wanaosoma hapa ambao nao wanatunga miongozo ya kilimo na ya shule. Kituo kimoja kililitia faili katika folda waliyoiita “Kolera #2”. Ile alama # katika jina la folda inatosha kulifanya faili la aina hii lisifunguke sawasawa, hata likiwa halina muhuri. Badilisheni jina, liwe “Kolera 2”, yamekwisha. Vichwa vya masomo vya Kifaransa navyo vilitokea vimeharibika, kila é ikawa herufi mbili za ajabu, kwa kuwa programu hii ni ya kabla ya mtindo wa sasa wa kuhifadhi herufi na orodha zake zinataka mtindo wa zamani. Kiswahili kilipita bila shida yoyote, hakina vikofia juu ya herufi. Nilifurahi kidogo, nakiri.

Sasa nifike penye jambo ambalo kwangu ndilo lilikuwa zito kuliko muhuri. Baada ya kurasa kuonekana, vijana walikwenda kukaa siku mbili na wauguzi na akina mama RECO wawatazame wakitumia mwongozo. Walikuta watu wanaandika neno katika sehemu ya kutafuta, na mwongozo unawajibu kwamba hakuna kitu. Kurasa zinasomeka, lakini haziwezi kupatikana.

Programu hii inatafuta neno kama lilivyoandikwa tangu herufi ya kwanza. Waliobuni walikuwa wakifikiri lugha ambazo neno hubadilika mkiani: Kiingereza kinaongeza herufi mwishoni, Kifaransa vilevile. Kiswahili chetu kinabadilika kichwani. Mama anaandika “anatapika”, ukurasa umeandikwa “kutapika”. Anaandika “ameharisha”, ukurasa unasema “kuhara”. Kwa mtu ni neno lilelile, kwa mashini ni maneno manne yasiyojuana. Na hata kabla ya hapo, ni Kiswahili cha nani? Waliotunga waliandika “kipindupindu” kwa kuwa ndilo neno la vitabuni na la redio. Kambini wanasema kolera. Waliandika “maji”, na wengi wanaotoka bara wanaandika “mayi”. Kuna mama mmoja aliyeandika “choo ya mayi”, na hakuna daktari asiyejua anasema nini.

Basi walikaa chini na kuitengeneza upya ile faharasa kwa mkono. Faharasa katika programu hii ni faili la pekee yake, na neno lolote unaweza kulielekeza kwenye ukurasa wowote, hata maneno kumi kwenda ukurasa mmoja. Waliwauliza akina mama: ukitaka kujua hili, ungeandika nini? Kila jibu waliliandika bila kulisahihisha. Kijana mmoja, aliyesoma sana, alitaka kuondoa “choo ya mayi” kwa kuwa si Kiswahili sanifu. Mama RECO mwenye umri mkubwa akamjibu: “Mwanangu, mtoto akiharisha usiku hatafuti sarufi.” Neno likabaki. Nami niliyezoea kusahihisha Kiswahili cha watu hewani nilinyamaza, maana alikuwa na haki.

Sasa ukianza kuandika k-u-t, faharasa inaruka yenyewe mpaka “kutapika”. Ukiandika “ana”, unaikuta “anaharisha” na “anatapika”. Ukiandika “mtoto”, unakuta “mtoto anaharisha”, “mtoto hawezi kunywa”, “mtoto macho yameingia ndani”. Hili la mwisho lilitoka kwa bibi mmoja wa kambini, na ni dalili ya kweli ya mtoto aliyeishiwa maji mwilini. Kwa upande wa maji, ukiandika “bidoni” unapelekwa moja kwa moja kwenye somo la vidonge: kidonge cha miligramu 67 ni cha bidoni moja ya lita 20, unafunika, unasubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yakiwa na matope, kwanza yachujwe kwa kitambaa safi, na kufuata idadi ya vidonge iliyoandikwa kwenye pakiti, kwa kuwa viko vidonge vya nguvu tofauti.

Jambo jingine walilolibadilisha ni vitufe vya juu. Programu inaruhusu mtungaji kuongeza vitufe viwili vyake mwenyewe, akaviandika jina analotaka na kuvipeleka kwenye ukurasa anaoutaka. Watungaji wengi hawavigusi. Vijana wetu waliviongeza: cha kwanza kimeandikwa “Hatari”, kinafungua dalili ambazo ukiziona usingoje hata dakika, cha pili kimeandikwa “Kunywesha”, kinafungua vipimo vya SRO na vya maji ya chumvi na sukari. Kutoka ukurasa wowote, mbofyo mmoja. Muuguzi wa kituo cha kusini aliniambia kwamba tangu vitufe hivyo viwepo, orodha ya kushoto haitazami tena.

Kwa wenye simu za kioo: faili la chm halifunguki kwenye simu bila programu nyingine, kwa hiyo vijana wamezitoa kurasa zilezile katika folda ya kawaida unayoweza kuinakili kwenye kadi ya simu na kuisoma bila megabaiti. Picha zake wamezipunguza uzito. Na kwa ninyi wenye simu za kubonyeza, ambao ndio wengi, kurasa za “Hatari” na “Kunywesha” zinasomwa hewani kila asubuhi baada ya habari, na tunazirudia jioni.

Yule mama aliyeniambia habari ya karatasi nyeupe, nilirudi kwake nikiwa na muuguzi na laptop. Muuguzi aliifanya ile kazi ya Propriétés mbele ya watu kama kumi na tano, taratibu, akiwaeleza. Kurasa zilipotokea mama hakusema kitu kwanza. Kisha akamwambia muuguzi aandike “bidoni”, na ilipofunguka akaomba isomwe kwa sauti. Mzee mmoja nyuma aliuliza kama kuna ukurasa wa Kibembe. Hakuna bado. Mwingine akauliza Kifuliiru, mwingine Kinyamulenge.

Vijana wamekubali kuanza na faharasa tu: maneno ya lugha hizo tatu yaelekezwe kwenye kurasa za Kiswahili zilizopo, kwa kuwa kutafsiri kitabu kizima kutachukua miezi na mvua hazitusubiri. Wanahitaji watu wa kuwatajia maneno. Si lazima ujue kuandika. Kila Jumamosi mchana watakuwa katika ua wa redio, na kwa walio mbali tutapokea simu wakati wa kipindi. Kila lugha, swali ni lilelile: mtoto akianza kuharisha kwenu, mnasemaje?